Nani Analipa Dizeli ya Usiku

Kila ofisi ya ugavi katika halmashauri ina faili moja lisilo na rafiki: faili la gari la wagonjwa. Ndani yake mna madai ya dereva ambaye posho zake za usiku hazijalipwa, ankara ya matairi, barua ya Mganga Mkuu wa Wilaya akiomba gari litolewe karakana leo hii, na jibu la karakana kwamba gari halitoki mpaka deni la nyuma lipunguzwe. Nimestaafu sasa, lakini faili hilo nimelilea miaka mingi katika halmashauri mojawapo ya pwani ya Tanga. Mheshimiwa akikabidhi gari jipya, vigelegele hupigwa, funguo hupokelewa mbele ya kamera, na keshoye gari linaingia kwenye faili. Humo ndimo utakamotambua kwamba kupata gari ni jambo jepesi. Zito ni nani aliyejifunga kulipa dizeli na dereva saa nane za usiku, na amejifunga kwa karatasi gani.

Jibu la kale kabisa la swali hilo halikuwa na karatasi. Mgonjwa alibebwa na wenziwe. Kule Usambara alishushwa kwa machela, vijana wakipokezana mabega kutoka Lushoto hadi Mombo. Huku chini alibebwa juu ya kitanda cha kamba. Na vijiji vya ufukweni, Kigombe, Moa, Kwale, vilimpakia kwenye ngalawa au mashua upepo ukikubali. Aliyebeba hakulipwa. Alilishwa, akashukuriwa, akajua siku yake nayo itafika. Wapo wanaoisifu enzi hiyo kwa maneno matamu. Mimi huwauliza: na msimu wa dago je? Wanaume wakihamia visiwani kuvua, kijiji hubaki na wanawake, wazee na watoto. Mzazi aliyeshikwa na uchungu usiku kama huo alitegemea mabega ambayo hayakuwapo. Na kusi ikivuma, hata ngalawa haitoki.

Reli haikulibadilisha hilo kwa kiasi ambacho mtu angedhani. Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Hospitali yao waliiweka Bombo, juu ya jabali linalotazama bahari, na jengo la zamani bado wenyeji wanalionyesha. Treni ilibeba mazao ikishuka na bidhaa ikipanda. Novemba 1914, Waingereza waliposhusha jeshi lao la Kihindi Ras Kazone, ni treni hiyo hiyo iliyomwezesha kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, kuleta askari kutoka Moshi upesi, na Waingereza wakashindwa vita ambavyo watu wa Tanga huvikumbuka zaidi kwa nyuki kuliko kwa mizinga. Waliojeruhiwa walikuwa na jeshi nyuma yao, na jeshi lina bajeti ya machela. Mkulima wa Muheza aliyeumwa alikata tikiti kama abiria mwingine, akangoja saa ya treni.

Gari la kwanza la wagonjwa ambalo watu wa upande wangu walilijua lilikuwa lori la mkonge. Hapa nitakaa kidogo, maana nimezaliwa ndani yake.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutokana na hiyo ikaota bahari ya kijani iliyofunika Muheza, Korogwe na Pangani. Kazi hiyo ilihitaji mikono mingi kuliko ile ya pwani, na mikono ikatafutwa mbali: Ubena, Uha, Msumbiji, Ruanda-Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, ikiwabeba watu kwa mabasi na treni hadi Tanga. Ndio manamba. Baba yangu alikuja hivyo kutoka Ubena, na kipande chake cha siku thelathini nilikiona nikiwa mtoto, kimekunjika kama hirizi. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimdai mwajiri amtibu mtu wake. Kwa hiyo shamba lilikuwa na zahanati, dresa mwenye suruali fupi iliyonyooshwa, na lori lililobeba majani mchana na mgonjwa usiku. Dizeli ilikuwa ya shamba, na dereva alikuwa wa shamba. Hakuna aliyeuliza nani analipa, kwa sababu jibu lilikuwa kwenye mkataba wa baba yangu, japokuwa yeye mwenyewe hakuweza kuusoma.

Lakini kina mama yangu ni Wabondei, na kijiji chao kilikuwa upande wa pili wa mpaka wa shamba. Mkataba haukuvuka ule mpaka. Mtu wa kijijini akizidiwa, wazee walimtuma kijana hodari wa maneno kwenda kwa karani. Karani akaenda kwa meneja. Meneja akiwa amekula vizuri, lori lilitoka. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa akitumwa mara nyingi, kwa kuwa shemeji yake ni manamba na yeye alijua kumwamkia karani ipasavyo. Safari nyingine alirudi na lori, safari nyingine alirudi na hadithi ya kwa nini lori limekosekana. Lori lile lile, barabara ile ile, na tofauti ya walio ndani na walio nje ilikuwa saini ya mtu kwenye karatasi iliyoandikwa Tanga mjini. Tangu utoto nilijua kwamba huduma inakofika ni pale mkataba unapofika, wala si pale gari linapoweza kufika.

Mkonge ulifikia kilele mwaka 1964, takriban tani 230,000 kwa nchi nzima. Baada ya hapo nyuzi za viwandani zikaangusha bei, Azimio la Arusha likaja mwaka 1967 na mengi ya mashamba yakawa ya umma, kisha mmoja baada ya mwingine mtambo ukanyamaza. Watu huandika sana kuhusu ajira zilizopotea. Kuhusu lori la usiku sijasoma popote. Shamba lilipokufa, vijiji vilivyolizunguka vilipoteza kitu ambacho kisheria havikuwahi kuwa nacho.

Serikali za mitaa zilikuwa wapi muda wote huo? Zilikuwapo, kwa namna ya wakati ule. Sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa machifu na maliwali hazina zao, na kutoka humo zikajengwa zahanati ndogo na kulipwa madresa wa kwanza. Fedha hizo zilitosha dawa ya vidonda na mshahara, na zilikomea hapo. Huko Uingereza, kwa wakubwa waliotutawala wakati huo, sheria ya huduma ya afya ya mwaka 1946 iliyaamuru mabaraza ya kaunti yahakikishe kuna magari ya wagonjwa kuanzia 1948, na iliyaruhusu kuwapa kazi hiyo mashirika kama St John na Msalaba Mwekundu kwa makubaliano. Tanganyika, iliyokuwa chini ya wakubwa hao hao, haikuletewa sharti kama hilo.

Mkataba wa kwanza hasa wa afya ambao watu wetu wote waliuelewa ulitoka kanisani. Misheni ya UMCA ilifika Magila miaka ya 1860, na kazi yao ya tiba ikazaa hospitali ya Muheza. Baada ya Uhuru serikali ilitazama wilaya zake, ikaona pengine hakuna hospitali isipokuwa ya kanisa, ikaamua kuingia makubaliano badala ya kujenga nyingine: kanisa libaki na majengo na uendeshaji, serikali ilipe mishahara na ruzuku, na raia yeyote atibiwe kama yuko hospitali ya wilaya. Hiyo ndiyo hospitali teule, na Muheza mpaka leo mtu akisema anakwenda Teule huhitaji kumuuliza teule ipi. Mkataba ule ulitaja vitanda na watumishi. Njia ya kutoka kijijini hadi kitandani haikuwa na mwenyewe, na ruzuku ikichelewa, kitu cha kwanza kusimama ni chenye magurudumu.

Kisha ikaja miaka ambayo hata mwenye kuahidi hakuwapo. Mwaka 1972, kwa sera ya Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa na kazi zake zikapelekwa kwa maofisa wa serikali kuu mikoani. Za miji zikafuata. Tanga ilikuwa na bahati ya aina yake: Ujerumani Magharibi iliuchukua mkoa huu kama mradi wake, TIRDEP, na magari ya mradi yakaonekana mpaka vijiji ambavyo havikuwahi kuona gari la serikali. Nayo yalibeba wagonjwa, kwa hisani ya aliyekuwa akiendesha. Halafu vita vya Kagera, halafu mafuta yakawa dhahabu. Vijana hawaamini nikiwaambia kwamba Jumapili baada ya saa nane mchana gari la mtu binafsi halikuruhusiwa barabarani bila kibali. Tanga ni mji wa baiskeli, na miaka hiyo baiskeli ilifanya kazi ya kila kitu: mgonjwa amekaa kwenye keria, mmoja anasukuma, mwingine anamshika mgongo, kutoka Pongwe hadi Bombo.

Halmashauri za wilaya zilirudi mwaka 1984, kwa sheria za 1982, na mimi niliingia kazini si muda mrefu baada ya hapo. Ndipo gari lenye namba za SM, yaani Serikali za Mitaa, lilipoanza kuwa letu. Letu kwa kadi ya gari. Kwa mengine lilikuwa la kila mtu na la hakuna. Mafuta yalitoka fungu moja, posho ya dereva fungu jingine, matengenezo fungu la tatu, na mafungu hayo hayakuwahi kuwa na fedha kwa wakati mmoja. Mfuko wa pamoja wa wahisani ulipoanza, mwishoni mwa miaka ya 1990, tulipumua, lakini fedha ya robo mwaka iliweza kufika robo ikiwa inaisha. Baadaye matengenezo yakatakiwa yapitie TEMESA, wakala wa serikali ulioanzishwa 2005, na mafuta tukayapata kwa wakala mwingine, GPSA. Sera nzuri: bei inajulikana, spea bandia zinapungua. Ila wakala hutaka kulipwa, na halmashauri husubiri mapato ya ndani, ambayo pwani yetu ni ushuru wa samaki, nazi, machungwa ya Muheza na leseni za maduka. Machungwa yakikosa bei, gari la wagonjwa linajua.

Ndiyo maana ndugu wa mgonjwa waliombwa wachangie mafuta. Nisiseme wapi, ilikuwa kawaida ya nchi. Sera ilisema mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano watibiwe bure, na kweli sindano ilikuwa bure. Kufika kwenye sindano kulikuwa na bei, na bei hiyo hupangwa na mtu mwenye funguo mbele ya mume anayetetemeka. Kwenye vitabu vyangu fedha hiyo haikuonekana. Haikuwa na stakabadhi. Ningesema hilo ndilo fungu kubwa la bajeti yetu ambalo mkaguzi hakuwahi kulihoji.

Mwaka 2010 serikali ilitangaza pikipiki za magurudumu matatu zipatazo 400 za kubebea wajawazito, na zikapata umaarufu kwenye kampeni za uchaguzi, wapo waliozicheka na wapo waliozishangilia. Mimi sikuzicheka. Njia ya kwenda vijiji vya Mkinga vya ndani haihitaji gari kubwa. Lakini nilipoulizwa zitatiwa mafuta kutoka fungu gani, niliijua tayari barua itakayofuata. Ni lile lori la mkonge lililogeuzwa kinyumenyume: hapa tulipewa chombo bila mkataba, kule mkataba ulikuwapo na chombo kikapatikana.

Majirani zetu Kenya walishika njia nyingine. Baada ya ugatuzi wa mwaka 2013 afya ikawa ya kaunti, na baadhi yake ziliamua kukodi magari pamoja na wahudumu kutoka E-Plus, kampuni ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, badala ya kununua. Machakos yenyewe ilinunua magari 70 kwa mpigo. Tulio mpakani Horohoro tulifuatilia mjadala wao kwa hamu. Kukodi kuna raha yake: gari likiharibika ni shida ya mwenyewe. Kuna na ubaya wake, kwamba bili haijui robo mwaka. Na mkataba una mwisho. Pittsburgh, Marekani, kikundi cha vijana weusi kiitwacho Freedom House kilianza mwaka 1967 kuhudumia wagonjwa wa dharura wa mtaa ambao wagonjwa wake walikuwa wakichukuliwa na gari la polisi. Walifunzwa vizuri kiasi cha kuwa mfano kwa nchi nzima. Mwaka 1975 jiji liliacha kuendelea na mkataba wao, likaanzisha huduma yake, na wengi wa wale vijana wakaachwa pembeni. Ubora wa kazi hauandiki upya mkataba. Anayeandika ni mwenye saini.

Nasema haya yote ili nifike kwenye 115.

Mpango wa m-mama ulijaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, Sengerema na kisha Shinyanga, kwa msaada wa taasisi ya Vodafone na wenzake. Aprili 2022 Rais Samia aliuzindua Dodoma uwe wa nchi nzima, na ukafika Tanga pamoja na mikoa mingine. Mhudumu wa zahanati, au hata mtu wa nyumbani, hupiga 115 bila malipo. Mratibu kwenye kituo cha mkoa huuliza maswali, huamua mgonjwa aende wapi, kisha hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana, humpigia dereva wa jamii: mtu wa kawaida mwenye Noah au Probox yake, anayeishi kijiji kile kile, ambaye halmashauri imeingia naye makubaliano. Anampeleka mama, kituo kinachompokea kinathibitisha kwamba kweli amefika, na malipo, yanayokokotolewa kwa kilomita, yanaingia kwenye simu ya dereva.

Soma tena hayo makubaliano kwa jicho la mtu wa ugavi. Kwa taratibu nilizozijua mimi, mtu wa Noah wa kijijini hakuwa mzabuni. Tulidai namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, risiti za mashine, na subira ya miezi mitatu. Yule ambaye kwa miaka yote alikuwa akigongewa mlango usiku, akatoka na shuka begani kwa sababu anayegonga ni jirani, hakuwa na mlango wa kuingilia kwenye vitabu vya halmashauri. Sasa anao. Leseni yake ya udereva inakaguliwa, gari linakaguliwa, na bei ya kilomita anaijua kabla hajawasha injini. Ndugu wa mgonjwa hawana cha kupatana naye. Mpango huu haukuleta gari jipya hata moja kijijini hapo. Noah ilikuwapo. Jirani alikuwapo. Kilicholetwa ni mtu wa kulipa na kumbukumbu ya kwamba amelipa.

Sipendi, hata hivyo, namna unavyopigiwa debe. Vifo vya uzazi, kwa tafiti za kitaifa, vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022, na nimesikia wasemaji wakiweka namba hizo pembeni ya 115 kana kwamba moja ni mama wa nyingine. Utafiti wa pili ulifanyika mwaka ule ule ambao mpango ulikuwa ndiyo kwanza unazinduliwa kitaifa. Kushuka huko kulikuwa na baba wengi: vituo vya afya vilivyojengwa vikaweza kufanya upasuaji, damu, wakunga, barabara. Ukisifu kitu kwa kazi isiyo yake, siku bajeti yake ikikatwa hutakuwa na hoja ya kweli ya kukitetea.

Nayo bajeti itajadiliwa. Wahisani walianzisha, na halmashauri ndizo zinazobaki na bili. Kule Pangani kuna swali la ziada ambalo kilomita hazilijibu: mama wa Bweni, ng'ambo ya mto, amekuwa akitegemea kivuko cha TEMESA kufika mjini, na kivuko kina ratiba na matengenezo yake. Daraja lenye urefu wa mita 525 limekuwa likijengwa katika barabara ya Bagamoyo hadi Tanga, na pale watu wakiweza kuvuka juu yake usiku, dereva wa jamii wa Bweni atakuwa na thamani kubwa kuliko kivuko.

Halafu kuna wale ambao mkataba huu hauwagusi. Ni wa mama na mtoto mchanga. Mgema aliyeanguka mnazi Kigombe hayumo. Kijana wa bodaboda aliyegongwa na lori la saruji barabara ya Pongwe hayumo. Yeye bado anapakiwa kwenye gari la yeyote mwenye huruma, anapitishwa polisi kutafutiwa fomu ya PF3, kisha Bombo. Wakati nikiwa ofisini niliwahi kupendekeza kwenye kikao kwamba ajali za barabarani zitafutiwe fungu la usafiri, kwa kuwa kila bodaboda kwa sheria inapaswa kuwa na bima na bima hiyo ina fedha mahali fulani. Iliandikwa kwenye muhtasari kama hoja ya kufanyiwa kazi. Madereva wa jamii sasa wameshapatikana, namba zao ziko kwa mratibu, na kila mmoja anajua njia ya Bombo. Kinachokosekana ni makubaliano ya pili, yenye mistari ile ile, na upande wa bima ukiwa mmoja wa wanaotia saini.